Sehemu Nane za Shibe

Jumatatu, 3 Februari. Lodwar

Karela tena, mboga hii chungu. Siku ya sita. Pasua katikati, kwangua mbegu kwa kijiko, kata vipande vyembamba, nyunyiza chumvi, kamua. Nimejikata kidole mara mbili na chumvi imeingia kote. Bibi Chinen anasimama nyuma yangu, mikono mgongoni, anasema polepole, tafadhali. Mimi huyu, ninayepika hotelini hapa Lodwar tangu barabara ikiwa vumbi tupu, naambiwa polepole.

Yeye karela anaiita goya. Kwao Okinawa, visiwa vya mwisho kabisa huko kusini mwa Japani, wanaikaanga na mayai na tofu, jibini lao la soya, kwenye karai moja, na eti ndiyo sababu wazee wao hawafi upesi. Ana miaka sabini na minne na anapanda ngazi kunishinda. Zamani alifundisha mapishi Morogoro, kwa hiyo Kiswahili chake ni safi kuliko changu. Hilo linaniudhi kuliko karela.

Keshokutwa mradi unaanza Kakuma. Mwezi mmoja wa majaribio. Kina mama wazee thelathini watapewa chakula cha mchana kila siku ya kazi, chakula cha watu wanaoishi miaka mingi, na watafundishwa kula kama wao. Mimi ni mpishi na mkalimani. Nilikubali kwa sababu moja, na niiandike hapa nisije nikajidanganya: nilitaka jina la Mama liingie kwenye orodha. Limeingia. Namba kumi na saba. Mbuzi wake wamebaki wanne. Krismasi nilimshika mkono nikaogopa. Mfupa mtupu.

Jumatano, 5 Februari. Kakuma

Lori limewashusha kina mama saa nne. Ua wa mabati, jua la kuivisha yai. Kabla ya chakula, mizani. Mama: kilo arobaini na tatu, na shanga zake zote shingoni. Meneja wetu Denis, kijana wa Nairobi mwenye buti safi, alitaka avue shanga. Nikamwambia mwanamke havuliwi shanga kwa ajili ya mizani. Akaandika hivyo hivyo.

Karela iliwashangaza. Walitafuna wakitazamana. Mama akasema kwa Kiturkana, sauti juu, kwamba kwetu hii hupewa mbuzi mwenye minyoo. Walicheka mpaka wakakohoa. Bibi Chinen akaniuliza amesema nini. Nikasema amesema ni tamu. Akainama kumshukuru, na Mama, mnafiki, akainama pia.

Viazi vitamu vya zambarau walivipenda. Tofu ya karanga waliigusa kwa kidole kwanza, inatetemeka. Mandazi yake ya mviringo yenye sukari guru yalikwisha kabla sijageuka.

Nimechoka. Lakini Mama amekula. Nimemwona kwa macho yangu akimeza.

Jumatatu, 10 Februari

Leo nimeona aibu ambayo sijawahi kuona.

Somo. Bibi Chinen alichora tumbo ubaoni, akaligawa sehemu kumi. Akapaka rangi nane. Kwao, akasema, mtu huacha kula akifika hapo. Halijazi tumbo lote. Sehemu mbili huachwa wazi, tumbo lipumue. Ndiyo siri ya maisha marefu. Kisha akanitazama. Tafsiri.

Kina mama thelathini wa Kakuma na Lopur. Wengine walikula mara ya mwisho Ijumaa, hapo hapo kwenye benchi zetu. Nikasimama mbele yao na hii aproni nikawaambia wasishibe.

Hakuna aliyecheka kwanza. Kisha mmoja wa mbele akauliza kama hao watu wa visiwani walikuwa na ng'ombe wakaibiwa, au vipi. Mwingine akauliza mtu anajuaje amefika sehemu ya nane kama hajawahi kufika ya kumi. Hilo sikulitafsiri. Nikamwambia Bibi Chinen wameelewa. Mama alikuwa amekaza macho kwenye lile tumbo la ubaoni, anafikiri jambo lake.

Niliumwa na kichwa mpaka jioni. Hasira tu.

Jumatano, 12 Februari

Ajabu. Wanabakisha! Wote. Wanakula vijiko vichache, wanaweka kijiko chini, wanasukuma sahani mbele. Denis karibu aruke. "Madam Akiru, umeona? Siku mbili tu! Hii ni data safi." Akapiga picha moja kwa moja. Mama alikaa vizuri kwa picha, sahani nusu mbele yake, kidevu juu, kama chifu.

Bibi Chinen hakufurahi sana. Aliwatazama tu. Akanywa chai yake ile yenye harufu ya maua.

Nimeosha vyombo. Sahani ni safi, ndoo ya makombo tupu. Nadhani wakiachwa peke yao wanamalizia. Kula huku unapigwa picha, nani ataweza.

Jumapili, 16 Februari. Lopur

Kwa Mama. Wanangu wawili wanakaa naye hapa tangu nianze kazi mjini, Arot ana miaka kumi, Nakai sita. Nakai amepata mashavu! Alikimbia kunipokea, zamani alikuwa anakaa tu kivulini. Ejok, mama, ejok, ananisalimu huku ananivuta sketi. Nikasema moyoni, unga wangu huo. Ninaotuma kila ukipatikana. Nimejisifu njia nzima mpaka mtu wa bodaboda akachoka kuitikia.

Mama alikuwa amelala. Saa sita mchana. Akasema ni joto.

Jumatano, 19 Februari

Denis ameleta upawa mpya. Mdogo. Anasema ikiwa wazee wanabakisha, ya nini kupika ya kubaki? Wapimiwe zile sehemu nane tangu jikoni. Nikamwambia yeye apimiwe kwanza. Akacheka, akadhani natania.

Bibi Chinen alimfuata ofisini, nikasikia sauti yake ikipanda, mara ya kwanza. Ametoka ameubana mdomo. Upawa mdogo umebaki. Nikipakua nauzamisha mara mbili Denis akigeuka. Akinitazama siwezi.

Ijumaa, 21 Februari

Mizani.

Mama: kilo arobaini. Na shanga.

Nilimwambia Denis mizani yake imeharibika. Akapanda yeye mwenyewe. Haijaharibika. Karibu wote wameshuka, lakini Mama ndiye ameshuka zaidi. Denis anasema atamtaja kama mgonjwa ili asivuruge matokeo ya wenzake. Nilitamani kumpiga na mwiko. Anakula hapa kila siku! Napakua mimi! Nyama ya mtu inakwenda wapi hali mtu anakula?

Nilimuuliza Mama anaumwa wapi. Akasema meno.

Jumapili, 23 Februari. Lopur



Nilibeba karela kidogo iliyobaki jikoni, nikaikaanga kwa Mama bila mayai, hatukuwa nayo. Nilitaka kuwachekesha watoto tu. Nione nyuso zao wakionja. Nikampa Nakai kipande, nikasubiri atapike.

Akatafuna. Hakukunja hata uso. Akameza akaniuliza, mbona hii haina yai?

Nikamuuliza ameionea wapi karela. Akasema kwenye kopo la Ata. Ata ndiye bibi yao. Arot akamfinya, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Kila siku lori likirudi, Ata ana kopo chini ya shuka. Viazi vya rangi. Ile nyeupe inayotetemeka. Mandazi. Nakai akahesabu kwa vidole anachokipenda zaidi.

Mashavu yale si unga wangu.

Unga wangu, kumbe, huwa unafika Jumapili, na Jumanne umekwisha, kwa sababu boma la jirani nalo lina watoto na moshi wa kwetu wanauona. Mama angeufunika na nini? Hilo najua. Nimezaliwa hapa. Nilijua na nikajifanya sijui, kwa sababu ni rahisi kutuma unga kuliko kuhesabu midomo.

Na hao wote thelathini wana makopo, Arot akakiri. Lile somo liliwapa njia. Kuacha chakula mbele ya mwenyeji ni aibu, mtu atasema umekidharau. Sasa mwenyeji mwenyewe amesema, acheni! Wakaacha. Mama ndiye aliyewaambia wenzake siku ile ile ndani ya lori.

Nilimfokea. Nilimfokea mama yangu mbele ya wanangu. Akanisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza kama nimeleta majani ya chai.

Jumatatu, 24 Februari. Kakuma

Nimemwambia Bibi Chinen. Sikupanga. Tulikuwa nyuma ya jiko, mchana, nachemsha edung kumwonyesha chakula chetu cha ukame, aliniomba mwenyewe. Vile vitunda vidogo, vichungu kuliko karela mara mia. Unachemsha, unamwaga maji, unachemsha tena, unamwaga, siku nzima, ndipo mtu aweze kula. Alihesabu mara nilizomwaga maji. Akasema kwao pia. Kuna mti kama mnazi mfupi, mbegu zake nyekundu zina sumu, wakati wa njaa baada ya vita waliziloweka siku nyingi wakabadilisha maji ndipo wakapika uji. Aliyeharakisha alikufa. Yeye alizaliwa njaa ile bado haijaisha, kwao watoto watano, akakua kwa uji huo na viazi vitamu.

Nikasema, mama yangu anabeba chakula chako kwa kopo anawapelekea wanangu. Yeye mwenyewe anakula vijiko viwili.

Alikaa chini. Palepale mchangani, na suruali yake nyeupe.

Akasema mama yake alikuwa mwanamke mwenye nidhamu sana. Kila chakula aliweka chini vijiti vyake vya kulia kabla ya wote, akasema inatosha, tumbo liachwe wazi kidogo. Ndiye aliyemfundisha yale ya sehemu nane. Yeye akayafundisha kwa miaka thelathini, nchi hadi nchi, na ule mchoro.

"Sikuwahi kujiuliza zile sehemu mbili zilikwenda wapi," akasema. "Zilikuja kwangu."

Maji ya edung yakakauka tukiwa tumekaa. Edung zikaungua. Tukazitupa.

Jumanne, 25 Februari

Mdomo wangu huu. Ningeushona.

Bibi Chinen alikwenda kwa Denis asubuhi kuomba sufuria ya pili, ya wajukuu. Alidhani akieleza ukweli, mtu ataona. Denis ameona, ndiyo. Ameona kwamba chakula cha mradi kinatoka nje. Anasema mradi ni wa wazee, ripoti ya katikati imeshakwenda, wakubwa wake wameisifu. "Hata mimi nina bosi, Madam." Alisema kwa upole, na hilo ndilo linalochoma. Si mtu mbaya. Ni mtu wa fomu.

Kuanzia Alhamisi, hakuna kutoka na chakula. Askari wa lango atakagua. Kila mtu ale mezani amalize.

Juzi ilikuwa siri ya kina mama thelathini. Nimeitoa mimi.

Alhamisi, 27 Februari

Langoni, meza. Juu ya meza, makopo. Ya mafuta ya kupikia, ya maziwa ya unga, kibuyu kimoja kizuri chenye kifuniko cha ngozi. Askari ni kijana wa hapa, alikuwa anawaomba radhi kina mama mmoja mmoja, macho chini.

Mama alipofika hakungoja aambiwe afunue shuka. Alilitoa kopo mwenyewe, akaliweka mezani katikati, akalisogeza vizuri. Kisha akaja akakaa mahali pake, namba kumi na saba. Nilimwekea sahani. Niliuzamisha upawa mara tatu, Denis atazame asitazame.

Hakugusa. Mikono mapajani. Nikamwomba kwa sauti ya chini, kula, Mama. Kula leo tu. Wengine walikuwa wanakula, wanatafuna kama watu wanaomeza dawa, mmoja machozi yanamtoka na bado anatafuna. Mama akaniambia koo lake limekataa. Akaamka. Hakusubiri lori. Alitembea.

Nilitaka kumkimbilia. Kulikuwa na sahani thelathini za kuosha. Nikaosha. Hilo nalo naliandika.

Ijumaa, 28 Februari

Hakuja. Denis amekata jina kwa rula. Ameweka mwingine.

Jumapili, 2 Machi. Lopur

Mama hainuki vizuri. Akisimama anashika ukuta. Jana jirani alimpeleka dispensari kwa bodaboda, wakampa karatasi. Imeandikwa ale chakula cha kutosha. Nimeikunja nikaitia mfukoni, sijui naitunza ya nini.

Tumegombana tena, sauti ya chini safari hii. Nilimwambia angekula tu, ule mwezi mmoja tu, apate nguvu, watoto ningewahangaikia mimi. Akanitazama kama mtu anayetazama mgeni.

"Nile nishibe," akasema, "halafu nishuke kwenye lori, hawa wawili wanakuja mbio. Niwaonyeshe nini? Mikono?"

Namkasirikia. Nawakasirikia wote, Denis, Bibi Chinen na mchoro wake, mvua, baba wa hawa watoto aliyekwenda Lokichoggio na lori la watu akasahau njia ya kurudi. Lakini nikimaliza kuwapanga wote bado nabaki mimi, niliyeona mashavu ya mtoto nikajipongeza.

Ijumaa, 7 Machi. Lodwar

Sherehe ya kufunga majaribio. Hoteli kubwa, hema jeupe, viti vimevalishwa vitambaa. Nilipika tangu alfajiri. Karela na mayai. Tofu ya karanga yenye mchuzi mtamu juu. Viazi vya zambarau vimepondwa vikawa duara duara. Miguu ya nguruwe iliyochemshwa mpaka ikalegea, tuliiagiza Kitale. Mandazi mia mbili. Chupa mbili ndogo za pombe ya mchele ya Okinawa, ya miaka mingi, ya wageni wa mbele tu.

Na bango. Refu kama mlango. Picha ya Mama. Kidevu juu, shanga, sahani nusu mbele yake. Chini wameandika kwamba wazee wa Turkana wamejifunza hekima ya kiasi.

Nilisimama chini yake na trei mkononi. Mgeni mmoja akaniuliza huyo bibi ana miaka mingapi, maana anaonekana mwenye afya njema. Nikamwambia atoke mbele yangu, trei ni ya moto.

Watu walikula. Wee! Sehemu kumi, kumi na mbili. Hotuba tatu kuhusu kutoshiba. Kisha wakaomba foili. Mandazi kwenye foili, nguruwe kwenye foili, hata karela. Wakapita langoni na vifurushi vyao, na askari anawafungulia, anawapigia saluti.

Bibi Chinen aliitwa azungumze. Alikwenda mbele ya bango, akawageuzia watu mgongo, akamwinamia Mama. Chini kabisa, muda mrefu mpaka watu wakaanza kukohoa. Akarudi kukaa. Denis akapiga makofi haraka na wengine wakafuata, wakidhani ni desturi yao.

Jioni nilikuwa natoka na kopo langu ndani ya kikapu. Askari akasema mpishi akaguliwe, ni sheria ya hoteli. Ndipo Bibi Chinen akatokea, akachukua kopo mkononi mwangu, likiwa wazi, linanukia, akapita nalo langoni kichwa juu. Hakuna aliyemgusa. Barabarani akanirudishia. Akasema kesho anapanda ndege. Akaniomba nimwambie Mama pole. Nikasema nitamwambia. Sikumwambia safari njema. Nilikuwa bado na hasira naye na bado ninayo, na pia nitamkumbuka. Mambo hayo mawili hayagombani.

Jumapili, 9 Machi. Lopur

Nimeacha kazi ya mjini, angalau mpaka Mama asimame. Upepo leo, vumbi kidogo. Nimechemsha edung tangu asubuhi. Nimemwaga maji mara saba.

Chakula cha kopo, nilichokipasha moto jana na leo kisichache, nimekigawa pamoja na hizo edung, sahani nne. Mama amekaa ameegemea ukuta. Nikamwambia pole za Bibi Chinen. Akauliza kama yule mama anakula vizuri huko kwake, maana alikuwa mwembamba.

Nilimsimamia Mama mpaka akala nusu. Kisha nikasema mimi nimeshiba, nimekuwa nikionja tangu asubuhi. Akanitazama. Sahani yangu ikarudi katikati.

Nakai alimaliza zamani, analamba kidole. Arot alikuwa na chake bado, kiazi kizima na andazi moja. Akavitazama. Akavisukuma kwa mdogo wake.

Akasema ameshiba. Kwa sauti ile ile ya Mama.

Nikamwambia ale. Akasema kweli ameshiba, na akaenda kuchota maji ya kuoshea sahani.